Kinyonga wa Kwenye Chupa za Mama

Nianze na ujinga wenyewe, maana nikianza na mengine atatokea mtu wa kunikatiza: "Na zile chupa mbona huzisemi?" Haya, nazisema. Siku ya soko, Alhamisi, saa nne asubuhi, nikiwa ndani ya sare ambayo muda huo ilipaswa kuwa darasani kidato cha tatu, niliandika neno MWIZI kwa maka peni nyeusi kwenye chupa kumi na mbili za jemu za mama mmoja wa Mlalo. Herufi kubwa. Ile ya kumi na mbili niliipigia na mstari chini.

Sikukamatwa kwa uhodari wa mtu yeyote. Nilikamatwa kwa sababu nilirudi nyuma hatua tatu kuangalia kama mwandiko umenyooka.

Sasa sababu. Mama yangu anapika jemu ya matunda damu, yale mekundu ya huku kwetu Lushoto yanayoiva yote kwa mpigo, kiasi kwamba usipoyawahi nguruwe wa jirani ndiye anayenufaika. Jemu yake ni nzuri na ana siri zake, moja inatoka Muheza kwenye viungo na sitaitaja, utaona kwa nini. Lebo ya chupa nilimchorea mimi: kinyonga mwenye pembe tatu, macho moja huku moja kule, mkia umejikunja kushika kijiko.

Mama aliiona mara ya kwanza akaisukuma. "Nani atapaka kwenye mkate kitu chenye kinyonga?"

Alikuwa na hoja. Kwetu kinyonga si wa kuchezea. Nina mjomba anayeua nyoka kwa kandambili, lakini akikuta kinyonga njiani anarudi nyumbani, anakaa, kisha anaianza safari upya. Ila wageni wanaokuja kutembea msituni wanalipa kabisa ili waonyeshwe kinyonga, na walipomwona kwenye chupa walichangamka kama wamemkuta ndugu. Hoteli moja ikaanza kuchukua jemu ya mama kwa ajili ya chai ya asubuhi. Kabla mwaka haujaisha, hakuna aliyekuwa anataja matunda. Watu walisema tu, "Nipe ile ya kinyonga."

Basi Alhamisi hiyo mpishi wa hoteli alikuja na kikapu chake kama kawaida, akapita kwanza meza ya mama wa Mlalo. Mama huyo alikuwa mgeni sokoni pale. Kwenye meza yake kulikuwa na chupa, na kwenye chupa kulikuwa na kinyonga. Pembe tatu, kijiko, mkia, hata jina: Jemu ya Kinyonga. Mpishi akaitazama meza ile, akaitazama ya mama, akaweka kikapu chini.

"Mimi sinunui kitu chenye utata," alimwambia mama. "Bosi ataniuliza ipi ni ipi. Mkishajua mwenye kinyonga ni nani, mniite."

Akaondoka na kikapu kitupu. Mama akabaki amesimama na katoni mikononi, hajui aiweke wapi. Mimi nilikuwa nimetoroka shule kumletea chenji, na kwenye begi nilikuwa na maka peni.

Mwenyekiti wa soko letu ni mzee wa kofia ya kufuma, ana muhuri anaoupulizia pumzi kabla ya kuugonga. Alituweka ofisini kwake wote watatu. Mama wa Mlalo alikuwa analia, na hilo sikulitegemea. Nilidhani wezi hawalii.

"Mimi lebo nimeinunua," alisema. "Nimeinunua kwa halali, steshenari hapo juu! Hata huyu mama simjui. Na mtoto huyu simjui!"

"Kijana," mwenyekiti akanigeukia, "umemwita mtu mzima mwizi. Una ushahidi?"

"Picha ni yetu!"

"Nimekuomba ushahidi. Kelele ninazo za kutosha, hapa ni sokoni."

Akaamua hivi: zile chupa nitazisugua mimi mpaka zing'ae. Alhamisi ya wiki mbili zijazo tutakutana tena, mwenye uthibitisho wa kinyonga aje nao. Atakayeshindwa ambandue kinyonga kwenye chupa zake moja kwa moja. Na mpaka siku hiyo asionekane kinyonga hata mmoja kwenye meza yoyote. Mama akabandua lebo zake palepale, moja moja, kwa kucha. Chupa zikabaki uchi.

Mama yangu akikasirika kidogo anasema sana. Akikasirika sana anahamia Kishambaa. Njiani kurudi nyumbani siku ile hakusema kwa lugha yoyote. Nikajua nina wiki mbili za kutafuta kitu ambacho hata jina lake sikulijua.

Niliazima simu ya mama yenye kioo kilichopasuka nikaandika: mtu akikuibia picha ufanyeje. Mtandao ukaniletea waganga watatu wenye uwezo wa kurudisha mali iliyoibiwa kabla jua halijazama. Nikaandika tena kwa Kiingereza cha shule. Hapo sheria zikamwagika kama mito. Nilisoma mpaka chaji ikaisha, nikajaza kurasa nne za vifungu, nikaandika barua kali ya madai. Ilikuwa nzuri sana. Ilidai fidia kwa dola.

Karibu na mahakama ya wilaya kuna chumba kimoja anakaa dada mmoja, msaidizi wa kisheria, anayesikiliza watu bure, wengi wao wa kesi za mipaka ya mashamba. Nilipanga foleni nyuma ya wazee wawili wa Mlola waliokuwa wanagombania mfereji na huku wanagawana ndizi. Zamu yangu ilipofika nikasema shikamoo dada, nikampa barua.

"Marahaba." Akasoma mpaka mwisho bila kucheka, nikaanza kujivuna. Kisha akauliza, "Hii sheria ni ya nchi gani?"

"Ya... mtandaoni."

"Mtandaoni si nchi. Hapa umeandika mahakama ya jimbo. Wewe jimbo lako la wapi, la Usambara?"

Wazee wa Mlola, ambao kumbe hawakuondoka, wakacheka mpaka ndizi ikaanguka.

Akanirudishia barua, akaniambia kitu ambacho nilikiandika kwenye kiganja kwa sababu karatasi zote zilikuwa zimejaa upuuzi. Usianze na jibu unalolitaka, alisema, anza na swali. Na swali la kwanza kabisa: umeibiwa nini? Siyo "kinyonga". Umeibiwa nini hasa?

Nilirudi na hilo nyumbani nikadhani ni mtego. Nikaiweka chupa moja uchi mezani, na lebo yake pembeni, nikaitazama kama mtu anayesubiri chupa izungumze. Kesho yake baada ya vipindi nikarudi kwa dada.

"Kuna vitu vitatu," nikasema. "Kuna picha. Kuna jina. Kuna jemu yenyewe."

"Ehe," akasema, na kwa mara ya kwanza akasogeza kiti. "Sasa umeanza."

Picha, akanieleza, iko chini ya hakimiliki, na hiyo inampata aliyeichora tangu anapoichora, hata kama hajaisajili popote. Jina linalotambulisha bidhaa ni alama ya biashara, na hiyo lazima uiombee usajili, na huwezi kuomba kabla hujatafuta kama kuna mwingine aliyekwisha kuisajili.

"Na jemu yenyewe?" nikauliza. "Nimesoma kuna hataza, ile ya mvumbuzi. Tumwombee mama hataza ya jemu."

"Mama yako ndiye wa kwanza duniani kuchemsha tunda na sukari?"

"Hapana, ila kuna kitu anaweka..."

"Nyamaza!" Akanyoosha mkono kama anasimamisha gari. "Usiniambie. Hicho ni siri ya biashara, na siri ikishasemwa haina tena ulinzi. Kwa hiyo kwa upande wa jemu, sheria yako ni kufunga mdomo. Utaweza?"

Ndiyo maana ya Muheza sikuitaja.

Akanipa nakala ya sheria ya hakimiliki nikaisomee palepale, meza ya pembeni, pamoja na kamusi nene isiyo na jalada. Nitasema ukweli: ukurasa mmoja ulinimaliza siku mbili. Nilirukia katikati panaposema adhabu, kwa sababu nilikuwa naitafuta adhabu. Dada akapita nyuma yangu, akafunua mwanzo, akagonga kidole kwenye kifungu cha tafsiri. Pale sheria inaeleza neno gani lina maana gani, na kila neno nililodhani ninalijua lilikuwa limevaa nguo nyingine. Akapita tena. "Umeangalia kama imerekebishwa?" Sikujua kwamba sheria inarekebishwa. Nilidhani ikishapigwa muhuri inakaa kama mlima. Nikatafuta marekebisho, nikayakuta, nikaanza upya. Shuleni sijawahi kuanza kitu upya kwa hiari yangu. Nilianza kupenda, jambo ambalo naomba lisifike kwa wenzangu.

Jioni moja nikamletea mama habari njema. "Mama, kisheria mwenye hakimiliki ni mchoraji. Yaani ni mimi. Yaani wewe muda wote umekuwa unatumia mali yangu."

Alikuwa anakoroga sufuria. "Na wali uliokula mchana, kisheria ni wa nani?"

Nilirudi kusoma.

Nilikwenda pia steshenari, kwa kaka aliyenichapia lebo za mama. Yule kaka hakukana. Akafungua kompyuta, na kwenye kioo kulikuwa na maisha ya wilaya nzima: barua za kazi, kadi za harusi, matangazo ya misiba, na katikati ya yote faili linaitwa JEMU MPYA YA MWISHO 2.

"Huyu kinyonga ni wangu," akasema, kwa upole kabisa. "Wewe uliniletea penseli. Nani aliskani? Nani alimpaka kijani? Yule mama wa Mlalo alikuja akasema nataka nzuri ya jemu, nikamtolea nzuri ya jemu. Kila mtu anakuja hapa anasema nitolee kama ya fulani. Wewe mwenyewe kadi ya kipaimara ya rafiki yako ulisema nitolee kama ya fulani."

Ni kweli nilisema. Huku kwetu steshenari ni kama chungu cha msibani, kila mtu anachota, na hakuna anayeuliza nani alileta maharage. Nilitoka pale nikijua jambo baya: mama wa Mlalo alisema kweli. Niliandika uongo mara kumi na mbili, mmoja nikaupigia mstari.

Dada akanisikiliza. "Basi huyo kaka atasema alichora yeye. Utaonyesha nini kwamba wewe ulitangulia? Kitu chenye tarehe."

Kitu chenye tarehe kilikuwepo. Nilimchora kinyonga yule kwa mara ya kwanza kidato cha pili, kwenye daftari la Hisabati, katikati ya logi. Mwalimu akanikuta. Akaandika pembeni kwa wino mwekundu: Hii ndiyo logi? Njoo ofisini. Akaweka saini na tarehe, kwa sababu mwalimu huyo anaweka tarehe hata kwenye chaki.

Tatizo la kwanza: madaftari yangu ya zamani mama huwa anampa bibi wa karanga, anafungia karanga zake. Tatizo la pili, kubwa zaidi: kinyonga yule ni mwalimu. Namaanisha nilikuwa namchora yeye. Anaweza kuandika ubaoni na wakati huohuo kukuona unamtumia mwenzako kikaratasi nyuma kabisa, na nywele zake zinasimama juu kama pembe. Siku ile ofisini niliapa kwamba ni Baiolojia.

Bibi wa karanga alinikataza kuchambua rundo lake. Salamu yangu ya Kishambaa, "onga maundo", aliipokea, maneno mengine hakuyataka. "Karatasi inaondoka na karanga, mjukuu wangu. Ukitaka karatasi, kula karanga."

Nikala karanga. Siku tatu. Nilipata Jiografia yangu, nikapata Uraia, nikapata barua ya mapenzi ya mtu ambaye nitaendelea kumheshimu. Siku ya tatu tumbo likiwa limevimba, bibi akanihurumia, akatungua kutoka kwenye msumari bunda la mwisho. Kinyonga alikuwepo, ana doa la mafuta shavuni, na wino mwekundu pembeni ukiwa mzimamzima.

Ilibaki mwalimu. Dada alikuwa amesema saini bila mwenye saini ni mapambo. Nilisimama mlangoni mwa ofisi ya walimu mpaka kengele ikalia mara mbili. Hakuna aliyenituma, ningeweza kuondoka. Ila nilikuwa naziona zile chupa za uchi. Nikaingia, nikamwamkia, nikaweka ukurasa mezani, nikaeleza soko, lebo, sheria, tarehe.

Akautazama. "Nakumbuka. Baiolojia."

"Hapana, mwalimu. Si Baiolojia."

"Ni nini?"

Nilipanga maneno mengi. Lililotoka ni moja. "Mwalimu."

Alidhani namwita. "Naam?"

"Ni mwalimu. Huyo. Kinyonga."

Ofisi nzima ikaacha kusahihisha. Akaugeuza ukurasa upande huu, akaugeuza upande ule. Jicho moja, naapa, lilibaki kwangu.

"Soko ni saa ngapi?" akauliza.

Alhamisi ofisi ya mwenyekiti ilijaa mpaka dirishani. Kaka wa steshenari alieleza kuskani na kijani. Mama wa Mlalo alieleza alivyonunua. Mimi nikatoa daftari lenye doa na karatasi niliyoandika kwa mkono, safari hii bila dola: kitu ni kipi, sheria ni ipi na ya nchi gani, aliyetangulia ni nani. Mwenyekiti akanusa ukurasa. "Mbona una karanga?" Nikamwambia. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepokea ushahidi wa ziada.

Mwalimu akasimama, akavua kofia yake ya baridi, nywele zikasimama. Dirishani mtu akaguna.

"Saini ni yangu," akasema. "Tarehe ni yangu. Kijana alichora akiwa kwenye kipindi changu, na logi hadi leo hajui." Akaunyanyua ukurasa watu wauone. "Na kinyonga ni mimi."

Soko lilicheka mpaka mwenyekiti akagonga muhuri kwenye meza tupu. Hata mama wa Mlalo alicheka, akafuta machozi kwa khanga, ya kicheko sasa. Yakaamuliwa: kinyonga ni wetu, yeye atabandika lebo nyingine, kaka wa steshenari atafuta faili mbele ya mashahidi, na mimi nitamchorea yule mama lebo yake mpya, kwa sababu ya lile neno. Nikamwomba radhi mbele ya watu, kwa sauti, siyo ile ya kumung'unya. Akanishika kichwa, akasema anataka ndege. "Ila asifanane na mtu, mwanangu. Tafadhali."

Mpishi wa hoteli alikuwa mlangoni na kikapu chake.

Bado hatujamaliza. Mwenyekiti wa soko si mahakama, dada amenikumbusha mara nyingi kiasi cha kukera, na jina bado halijasajiliwa. Kesho natafuta kwenye orodha ya alama zilizokwisha kusajiliwa kama kuna kinyonga mwingine nchi hii aliyetuwahi. Akiwepo nitajua. Asipokuwepo najaza fomu.

Siku ile tulipanda mlima kurudi nyumbani, mama mbele, mimi nyuma na katoni tupu kichwani. Ukurasa wa Hisabati alikuwa ameushika yeye. Aliutazama njia nzima, nami nikawa nahesabu adhabu zinazowezekana: utoro, maka peni, kumchora mtu mzima pembe. Tulipofika kwenye kona ya kanisa akasimama, akaunyoosha ukurasa mbele ya macho yake, akasema hivi, naandika kama alivyosema:

"Macho umeyapatia. Ila pembe za mwalimu ni mbili, leo nimeziona mwenyewe. Rekebisha."